Kidole cha Mwalimu

6 Januari

Babu mdogo, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua kimetulia na miwani haijapotea tena. Sisi huku hatujambo. Baba amestaafu na sasa anatusumbua wote. Hana kazi, basi kila siku anakagua vitasa vya milango. Bibi goti linamuuma lakini mdomo haumuumi hata kidogo. Ameniagiza nikuambie kwamba shemeji asiyeandika mwaka mzima ni shemeji wa jina tu. Mimi nimefikisha, usinigombeze.

Sasa kaa kitini nikupe habari. Shule yetu ya tiba inatimiza miaka hamsini mwezi wa Agosti! Jengo jipya la ghorofa tisa limefika ghorofa ya saba, wanafunzi wamefika elfu moja na mia mbili, na Mkuu wa Shule ametaka kitabu cha historia. Sura ya kwanza, ya miaka mitano ya mwanzo, amenipa mimi! Mimi, mwalimu mdogo kuliko wote katika idara ya anatomia! Nadhani wenzangu walikwepa. Lakini pia wanajua nina babu aliyekuwapo siku mlango ulipofunguliwa, akafundisha pale miaka thelathini na tano.

Nina maswali arobaini, ila naanza na moja. Ile salamu.

Jana nilifundisha peke yangu kwa mara ya kwanza. Nimeingia ukumbini, wanafunzi tisini wamesimama, kile kiunzi cha mifupa tunachokiita Mwalimu kiko pembeni kwenye fremu yake ya mbao yenye magurudumu, na wote kwa sauti moja: "Shikamoo, Mwalimu!" Kisha kimya. Utaratibu unaujua: anayeitikia kwa niaba yake ni mkubwa kwa umri kuliko wote waliomo ukumbini. Nikageuka nyuma kumtafuta huyo mkubwa. Kumbe ni mimi! Nikaitikia "Marahaba" kwa sauti ya kifaranga, darasa zima likaangua kicheko.

Nilipotoka nikajiuliza, nani alianzisha jambo hili? Kijitabu cha miaka ishirini na tano kinasema ni Mkuu wa kwanza, ili kufundisha heshima. Profesa mmoja mstaafu ameniambia si yeye, ni wewe. Ni kweli? Na kwa nini? Shule nyingine nazo zina viunzi, hakuna anayeviamkia.

Andika kwa kalamu, najua simu huisikii.

Mjukuu wako

*

29 Januari

Mjukuu wangu daktari,

Marahaba. Mwambie shemeji yangu kwamba mkono unatetemeka, kurasa mbili naziandika kwa siku nne, na bado yeye ataziona chache.

Mwanangu na mkewe wananitunza vizuri. Daktari wa hapa ni mwanafunzi wa mwanafunzi wangu. Anaponisikiliza kifua anajitahidi asionyeshe kitu usoni, lakini somo hilo hakulishika sawasawa. Basi najua ninachokijua. Moyo umechoka. Tuyaache hayo.

Umenifurahisha mpaka nimeomba chai ya pili. Ghorofa tisa! Sisi tulianza chini ya bati, katika ghala la pamba. Nyuzi zilikuwa bado zimenasa kwenye mihimili. Mtu akipiga chafya zinatushukia vichwani, na darasa zima linatoka limezeeka. Mvua ikinyesha hakuna anayesikia neno. Mkuu wetu alikuwa haahirishi somo kwa sababu ya mvua, akawa anaandika ubaoni tu. Somo la figo lote lilifundishwa bila mtu kufungua mdomo, na mpaka leo naamini ndilo walilolielewa kuliko yote.

Wanafunzi kumi na mmoja, walimu watano, darubini tatu. Darubini zilipangiwa zamu kama bomba la maji. Kulikuwa na binti mmoja tu, na wenzake walimwachia darubini mbovu kwa makusudi. Akajifunza kuirekebisha, akawa hodari wa kuisoma kuliko wote, wakaishia kumpangia foleni yeye.

Viti, madawati, meza, kabati za dawa, vyote alivitengeneza kaka yangu, babu yako mzaa baba. Ndiye aliyekuwa fundi seremala wa shule. Akimkuta mwanafunzi anachora jina lake kwenye dawati kwa kisu, alimsimamia: "We daktari gani unayempasua asiyeumwa?" Hakuna aliyerudia.

Mwaka wa pili wakaja wakaguzi. Walitazama kila kitu, wakasema wanafunzi wa udaktari hawawezi kujifunza mifupa kwa michoro. Wakatupa miezi sita: shule ipate kiunzi kamili cha binadamu, la sivyo milango ifungwe na wale kumi na mmoja warudi makwao. Kiunzi tulikuwa tumekwisha kuagiza ng'ambo. Sanduku likafika, tukakusanyika wote, Mkuu akalifungua kwa heshima zote. Ndani mlikuwa na cherehani sita! Mpaka leo namfikiria yule mshonaji, popote alipo duniani, siku alipofungua sanduku lake.

Baadaye kiunzi kilipatikana, wakaguzi wakarudi, wakaridhika, shule ikabaki. Andika hivyo.

Kuhusu salamu, ilianza tu yenyewe, kama mambo mengi. Usiipotezee karatasi.

Babu yako mdogo

*

20 Februari

Babu mdogo, shikamoo!

Hawajambo wote, Baba amehamia kwenye madirisha, Bibi anasema kurasa mbili ni chache. Nimemaliza salamu, kwa sababu siwezi kusubiri!

Idara ya picha imepata mashine mpya ya eksirei na mafundi walitaka kuijaribu. Wagonjwa hawachezewi, nikasema mchukueni Mwalimu. Tukamsukuma kwenye korido ndefu ya hospitali, magurudumu yanalia, watu wanatupisha. Mama mmoja aliyekaa kwenye benchi akatutazama akasema, "Huyu mmechelewa kumleta." Fundi wa mashine alicheka mpaka akakaa chini.

Picha zikatoka safi ajabu. Lakini mkono wa kushoto, kidole cha mwisho, pingili ya juu kabisa haikuonekana kama mfupa. Kivuli chepesi tu. Tukaishika, tukaitazama kwa lenzi. Babu, si mfupa! Ni mpini wa mswaki! Umechongwa kwa kisu, ukasuguliwa, ukapakwa rangi ya mfupa, ukafungwa kwa waya. Miaka arobaini na nane wanafunzi wamekihesabu kidole kile, maprofesa wamekitungia mtihani, wewe mwenyewe umekitungia mtihani, na muda wote huo ni mswaki!

Shule nzima imepagawa. Wa mwaka wa kwanza wanadai wasahihishiwe upya. Mkuu anataka habari hii iwe ukurasa wa kwanza wa kitabu. Nani aliyefanya ufundi ule? Wewe ulikuwapo, lazima unajua!

Jumapili nilimsimulia Bibi. Alicheka huku ameshika goti. Kisha akaniuliza, "Kidole kipi?" Nikamwambia. Akachukua kopo akaenda kumwagilia maua, ingawa mvua ilikuwa imenyesha asubuhi.

Jibu haraka!

Mjukuu wako

*

15 Machi

Mjukuu wangu,

Nimeipata barua. Nimefurahi kwamba mashine ni nzuri. Kifua kimenibana wiki mbili hizi, kwa hiyo naandika kidogo.

Kipande kile kiache kilivyo. Kiunzi cha wakati ule kilikuwa na upungufu mdogo, pengo likajazwa, basi. Kitabuni usikiweke. Niulize juu ya maabara yetu ya kwanza ya damu, iliyokuwa bafu la zamani, au juu ya yule binti wa darubini, aliyekuja kuwa daktari bingwa wa upasuaji wa kwanza tuliyemtoa sisi wenyewe. Hayo ndiyo ya kuandika.

Nisalimie shemeji. Alisema nini alipomaliza kumwagilia maua?

Babu yako mdogo

*

24 Aprili

Babu mdogo, shikamoo.

Pole na kifua. Samahani kwa kukaa kimya. Si kwamba sikuwa na la kuandika. Jengo limefika ghorofa ya nane. Yule binti wa darubini, ambaye sasa ni bibi wa miaka sabini na mbili, nimezungumza naye saa tatu nzima na nimetoka na kurasa ishirini. Anakusalimu. Anasema ulikuwa mwalimu mkali aliyekuwa akitokwa machozi bila sababu, na wao walidhani ni dawa za kuhifadhia maiti.

Umeuliza Bibi alisema nini. Siku ile hakusema kitu. Wiki iliyopita tulikuwa tunachambua mchele, akaanza bila kuulizwa: "Babu yako alikatwa kidole na msumeno mwaka tuliooana. Cha mwisho, kushoto. Mjini walimwita Tisa na Nusu. Watoto wasipotaka kulala, anawanyooshea kile kipande, anawaambia kilichobaki kinazunguka nyumba kikimtafuta asiyelala." Akaendelea kuchambua. Mimi mchele sikuuona tena.

Babu, nimeingia masjala ya shule. Nimesoma jalada la mwaka wa tatu, lile jembamba. Nimelirudisha mahali pake na sijamwambia mtu. Nimeliacha ili unieleze wewe.

Siulizi kama mwandishi wa sura ya kwanza. Kila asubuhi naingia ukumbini, vijana tisini wanaamkia, nami naitikia marahaba kwa niaba ya mtu. Naitikia kwa niaba ya nani?

Mjukuu wako

*

11 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Huku hatujambo, mvua zimekatika, kitukuu changu ameota jino na anamng'ata kila mtu. Nimemaliza salamu, sina tena pa kujificha.

Unaitikia kwa niaba ya babu yako.

Kaka alilazwa kwa maradhi ya ini, imebaki miezi minne wakaguzi warudi. Kitanda chake kilikuwa dirishani, akiliona ghala letu. Wanafunzi walimtembelea kwa zamu, wakimpa habari za shule, na yeye akiuliza zaidi habari za meza zake. Siku moja aliniambia:

"Mdogo wangu, bado mnatafuta mifupa?"

"Bado."

"Mimi ninayo ya kutosha. Nyama tu ndiyo imeisha."

Nikamwambia aache utani.

"Nani anatania? Nimewatengenezea madawati kumi na moja, leo wakakae kina nani, panya? Mifupa yangu udongoni itafanya kazi gani? Niletee mbao na futi. Fremu naitengeneza mwenyewe, wewe utaikosea kipimo."

Na akaitengeneza! Wiki tatu, ameketi ukingoni mwa kitanda, akipumzika kila baada ya misumari miwili. Alijipima mwenyewe urefu kwa futi ya mbao huku wauguzi wakidhani anataka kutengeneza kabati. Magurudumu aliweka kwa sababu, alisema, hapendi kubebwa. Mjukuu wangu, sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama ile. Alikuwa kama kijana anayejenga nyumba yake ya kwanza.

Lakini alinipa sharti moja. "Nenda kamuulize shemeji yako. Ruhusa ni yake, si yako wala yangu. Akikataa, mnizike, na habari hii iishe."

Nilikwenda. Nilimkuta uani anafua, baba yako ana miaka minane, anaanika soksi. Shemeji akanifutia kiti kwa mkono uliojaa povu. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Shemeji, wewe ni msomi, usinifiche. Atapona?" Nikasema, "Atapona." Sasa baada ya jibu lile, ningeulizaje swali nililotumwa? Nikanywa maji, nikaaga.

Nikarudi wodini. Kaka hakuuliza kwa mdomo, alinitazama tu. Nikasema, "Amekubali."

Akacheka. "Nilijua! Yule nilimwoa kwa akili zake." Aliishi siku tisa zaidi akiwa na furaha hiyo, na furaha hiyo niliitunga mimi.

Mkuu wa Shule aliniuliza kama mjane ameridhia, nikamjibu vilevile. Ndilo neno ulilolikuta kwenye jalada: "Ridhaa ya familia imetolewa kwa mdomo, kupitia mdogo wa marehemu." Kwa watu nikasema ugonjwa unaambukiza, jeneza lisifunguliwe. Ndani mlikuwa na vipande vya mbao kutoka karakana yake, nimevifunga kwa blanketi visigongane. Shemeji aliomba amguse uso mara moja tu. Nilimshika mkono nikamzuia. Mkono huu umetibu, umefundisha, umepokea vyeti. Ndio uliomzuia.

Kazi ya mifupa niliifanya mwenyewe, mlango umefungwa. Nilipofika kwenye kidole kile nikajua mji mzima utamtambua, na wanafunzi wake ndio wa kwanza. Nikakata mswaki wangu. Ukikwangua rangi utakuta kijani.

Siku wanafunzi walipoingia, alikuwa amesimama kwenye fremu yake, imemkaa kama suti ya kushonesha. Mimi nilitakiwa niseme, "Huu ni mfupa wa paja." Badala yake mdomo ukasema, "Shikamoo." Maisha yangu yote sijapata kuingia chumba alimo kaka nisimwamkie. Wanafunzi wakadhani ndio utaratibu, wakaamkia wote. Kukawa kimya. Mkuu, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wetu, akanihurumia, akaitikia. Hivyo ndivyo ilivyoanza. Sasa unaweza kuandika.

Na wakaguzi walipokuja! Waliwahoji wale kumi na mmoja, mmoja mmoja, mfupa kwa mfupa, kutwa nzima. Hakuna aliyekosea hata mmoja. Mkaguzi mzee akapitisha kiganja kwenye fremu, akasema hajaona useremala kama ule. Nilitaka kupiga kelele: ndiye huyo fundi, mshike mkono! Nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo.

Mjukuu wangu, daktari wangu bado hajui kuficha uso, na juzi hata hakujaribu. Sina mwaka. Ninaloomba ni hili: msomee shemeji barua hii yote, usiruke mstari. Akitaka mumewe akazikwe, azikwe, hata sherehe zenu ziharibike. Akikataa kunisamehe ni haki yake. Ila sitaki nife kabla hajaulizwa.

Babu yako mdogo

*

20 Juni

Babu mdogo, shikamoo.

Najua umehesabu siku. Vumilia, nakueleza yote kama yalivyokuwa.

Nilimsomea Bibi jikoni, mlango umefungwa. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Soma tena pale anapotengeneza fremu." Nikasoma. "Tena." Nikasoma mara tatu. Kisha akaniambia niende zangu. Baba nilimweleza mwenyewe. Alitoka akakaa karakana ya zamani, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu hakukagua kitu.

Siku kumi na mbili Bibi hakutaja neno. Ya kumi na tatu akanipigia simu. "Kesho unafundisha saa ngapi?"

Alikuja amevaa viatu vyake vya kuendea arusi za watu, ameshikwa mkono na Baba. Nikawaweka karibu na mlango. Wanafunzi wakasimama: "Shikamoo, Mwalimu!" Kimya. Nami nimekwisha kufungua mdomo, mara nikasikia nyuma yangu:

"Marahaba, wanangu. Amesikia."

Si ndiye mkubwa wetu mle ndani? Wanafunzi wakageuka wote. Bibi akaja taratibu na fimbo yake, anaongea njia nzima. "Ila huyu hakuwa mwalimu, alikuwa fundi. Meza hizo ni zake. Na nyinyi mnaobandika peremende za kutafuna chini ya meza, shukuruni hawezi kunyanyua mkono, angewang'oa masikio." Wakacheka, hawajui bado. Akasimama mbele yake, akamtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Umekonda," akamwambia.

Babu, sikujua nicheke au nilie. Nilifanya vyote viwili mbele ya darasa langu.

Akaushika mkono wa kushoto, akakitazama kile kidole. "Toa uchafu huu. Kidole chake hakikuwa aibu, kilikuwa sifa." Nikaleta koleo ndogo, nikafungua waya. Kisha Bibi akainuka kwa ncha za viatu, akampapasa uso kwa viganja vyote viwili, akamnong'oneza neno moja. Sikulisikia na sikumuuliza.

Alipogeuka akawaambia wanafunzi ni nani. Msichana wa mstari wa mbele akauliza, "Bibi, unataka tumrudishe nyumbani?" Bibi akafikiri. "Alikuwa akitoka nyumbani kabla jua halijachomoza ili awahi hapa," akasema. "Mwacheni kazini." Makofi yaliyopigwa yaliwatoa watu ofisini!

Jalada nimelitoa masjala. Chini ya ule mstari wako Bibi ameandika kwa mkono wake: "Mimi mjane wake nimekubali," na tarehe ya siku ile. Hakukubali tuandike ya zamani. Sura ya kwanza nimeichana, naiandika upya. Inaanza na fundi mgonjwa anayejipima urefu kwa futi.

Sasa ujumbe wako. Alinisimamia nikiandika, akanisomesha kwa sauti kuhakikisha. Ni huu:

"Mwambie shemeji, angeniuliza siku ile, siku ya kwanza ningekataa na kumfukuza na maji ya sabuni. Siku ya pili ningelia. Siku ya tatu ningekwenda wodini mwenyewe, nikamwambia mume wangu ndiyo kwa mdomo wangu, naye akanisikia. Aliniibia siku tatu hizo na hana pa kuzipata. Kaburi la mbao nitaendelea kulimwagilia, mbao zake nazo alizipenda. Yeye sijamaliza kumkasirikia. Nikimaliza nitamjulisha. Ila aandike, asingoje mwaka. Na umrudishie mswaki wake."

Ndio huo, ndani ya bahasha.

Mjukuu wako

*

13 Julai

Mjukuu wangu daktari,

Marahaba! Mswaki umefika salama. Mkwe wangu aliufungua akadhani ni dawa, akaniletea na glasi ya maji. Nimecheka mpaka wakamwita daktari, naye akacheka, na kwa mara ya kwanza akasahau kunitazama kwa huruma.

Karatasi ya pili ni ya bibi yako. Mpe mkononi aisome mwenyewe. Usimsimulie.

Babu yako mdogo

Shemeji,

Goti linaendeleaje? Mimi kifua kimelegea kidogo tangu ujumbe wako uje. Usiharakishe kumaliza hasira, ni yako, umeitafuta miaka mingi bila kujua iko wapi.

Umesema niandike. Nakuandikia wewe moja kwa moja, bila kupitia mtu, kwa sababu nina swali.

Shule wanazo fomu siku hizi. Mtu anajitoa mwenyewe, anajaza akiwa hai, na familia inaweka sahihi. Nimeletewa moja na nimeijaza. Jengo jipya lina ukumbi wa anatomia ghorofa ya tisa, na nimesikia hawana kiunzi cha huko juu. Vidole vyangu ni kumi kamili. Mwanangu nimemuuliza, alikataa, kisha akakubali. Imebaki sahihi ya mkubwa wa familia, na mkubwa wetu ni wewe, mke wa kaka.

Shemeji, nipe ruhusa niende kazini kwa kaka.

Jibu lako niandikie lilivyo, hata likiwa hapana. Likiwa hapana, nitazikwa, na hakuna atakayelitaja tena. Wala usinijibu leo. Chukua siku zako tatu, zote tatu. Nitajitahidi niwepo.

Shemeji yako